Tulivyokwenda Meatu Kuwaona Ng'ombe wa Maduhu

Walimu wenzangu, kila nikianza kuwasimulia safari hii kengele ya kipindi inalia, nanyi mnaondoka na nusu ya habari na kwenda kuijaza nusu nyingine wenyewe. Juzi nimesikia sokoni kwamba najengewa ghorofa. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, tangu tulipotoka Bariadi mpaka tuliporudi. Someni taratibu, chai yenu ipo.

Kwa wasiomjua Kabula: ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu ana miaka tisa, ni fundi wa nguo, na cherehani yake nilimnunulia mimi. Mwaka huu aliposwa na kijana anayeitwa Maduhu, mtu wa Meatu anayefanya kazi Lamadi. Kabula anampenda kijana huyo kupita kiasi. Akipigiwa simu anatoka nje na kuizunguka nyumba mpaka chaji iishe. Lakini kwetu posa haisogei mpaka watu wa upande wa binti wakalione zizi la mchumba. Wakirudi na kusema zizi halifai, binti anabaki nyumbani, apende asipende.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya picha. Maduhu alimtumia Kabula picha akiwa ameegemea gari la watalii, lile refu lenye paa la kufunguka, amevaa miwani ya jua. Mdogo wangu Nkwabi, ambaye kwa Kabula ni baba mdogo, aliiona. Siku ya kwanza alisema gari ni la Maduhu. Wiki iliyofuata yakawa magari. Kufikia Jumapili ya tatu, pale nje ya kanisa, Nkwabi alikuwa na mkwe mwenye kampuni ya utalii na ng'ombe ambao Meatu nzima haiwatoshi kwa malisho. Akang'oa mihogo yake yote nyuma ya nyumba, akajenga zizi ambalo ukisimama mlango mmoja huwezi kumtambua mtu aliyesimama mlango wa pili.

Wala msimcheke Nkwabi peke yake. Mimi nyumba yangu mnaijua, imesimama kwenye lenta mwaka wa sita huu na wapangaji wake ni mijusi. Shangazi wa bibi harusi ana ng'ombe wake katika mahari, hiyo ni haki yangu. Nami nilishapiga hesabu kwamba zizi kama hilo halitampa shangazi ng'ombe mmoja tu. Nilikuwa nimekwisha kuchagua rangi ya bati. Maruni.

Bariadi hadi Lamadi

Tuliondoka saa tatu badala ya saa kumi na mbili, kwa sababu Nkwabi alirudi nyumbani mara mbili: mara ya kwanza kuchukua tai, mara ya pili kuivua na kuchukua nyingine. Gari lilikuwa Noah ya Shabani, dereva wa mjini hapa, mtu mpole anayesikiliza kila kitu na kuchangia kidogo. Mpango ulikuwa kwanza tumwone kijana kazini kwake, ndipo twende kwao.

Lamadi ilitupokea kwa harufu ya dagaa na malori yaliyojipanga njia nzima. Tuliulizia ofisi ya kampuni ya Maduhu. Hakuna aliyeijua. Mwuza matunda mmoja alipoona picha akasema, "Aaa, Maduhu! Yuko pale kwenye maji." Tulimkuta kwenye uwanja wa kuoshea magari, suruali imekunjwa mpaka magotini, mpira wa maji mkononi, anaosha gari lile lile la kwenye picha.

Alipotuona aliweka mpira chini, akafuta mikono, akainama, akaniita senge, yaani shangazi. "Shikamoo senge. Shikamoo baba. Karibuni, mtanisamehe nimelowa."

"Marahaba, mkwe," alisema Nkwabi kwa sauti ya kutaka wote wasikie. "Gari hili zuri sana."

"La kampuni ya watu hilo, baba. Mimi ni mwoshaji tu. Wakitoka mbugani wananiletea."

Nkwabi aliniangalia, nami nikamwangalia, tukatikisa vichwa. Tulikuwa tumeelewana bila kusema: huyu ndiye tajiri wa kweli, anaosha gari lake mwenyewe na hajivuni. Nkwabi akauliza kama mtu asiyejali, "Na huko nyumbani, mifugo haijambo?"

"Haijambo, baba. Mimi nina ng'ombe watatu."

Sasa hapa wale mliokuja Bariadi kwa uhamisho ni lazima niwafafanulie. Msukuma mwenye ng'ombe hasemi idadi yao. Kuwahesabu mbele ya watu ni kuwatakia mabaya, na isitoshe jirani akijua unao wengi atakuja na shida zake. Mwenye mia atasema ana vindama viwili. Na wengine hata zizini huwakuti, kwa sababu kawagawa kwa rafiki zake wa mbali wamtunzie: wao wanakunywa maziwa, yeye anabaki mwenye mali. Ndiyo maana zizi la mtu halikuambii kitu, na mdomo wake ndio hata kidogo.

"Umesikia?" Nkwabi alinishika mkono tulipokwenda kula. "Mtu mwenye watatu angesema ishirini. Anayesema watatu, dada, huyo hata yeye mwenyewe hajui idadi."

Mimi, mwenye shahada ya jiografia na miaka kumi na tisa ya kufundisha, nikajibu, "Kweli kabisa."

Maduhu alituagizia sato watatu kwa mama lishe, wa kuchemsha, wakubwa, na ugali wa moto. Yeye alisema ameshiba, akarudi kwenye maji. Tulipokuwa tunanawa mikono Shabani alitoka kukagua matairi, akarudi akasema, "Yule kijana yuko nyuma ya gari, anatafuna michembe." Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, chakula cha njaa na cha shule.

"Matajiri hawali sana," Nkwabi akamjibu. Shabani akawasha gari.

Lamadi hadi Shishiyu

Tulilala Bariadi, na asubuhi tukaelekea Shishiyu, upande wa Maswa, kumchukua Mzee Mhoja. Huyo ni kaka mkubwa wa marehemu baba yetu, na bila mkubwa wa ukoo huwezi kuingia zizi la watu. La sivyo, nasema ukweli, tungemwacha. Mzee Mhoja ni aibu yetu ndogo ya ukoo. Ana nyumba ya udongo, mbuzi wawili, na zizi ambalo tangu nikiwa msichana sijawahi kuona ng'ombe ndani yake. Nkwabi humpelekea sukari kila Krismasi na husimulia habari ya sukari hiyo mpaka Pasaka.

"Mwangaluka, bana bane," mzee alitusalimu, akituita watoto wake, na akaanza kuuliza hali ya kila mtu kwa jina, pamoja na waliokufa. Alituletea karanga za kuchemsha na kibuyu cha maziwa mgando, mazito, ya kukata kwa kijiko. Nilikunywa vikombe viwili. Haikunijia akilini kumwuliza mtu asiye na ng'ombe maziwa anayapata wapi.

Nkwabi alikuwa amemletea koti. "Baba mkubwa, vaa hili. Tunakwenda kwa watu wenye uwezo, wasije wakatudharau."

Mzee alilishika koti, akalinusa, akalivaa juu ya shuka lake. "Lina joto," alisema, akamshukuru. "Wabeja." Njia nzima Nkwabi alikuwa akimfundisha namna ya kukaa, mambo ya kusema na mambo ya kunyamazia. Mzee aliitikia kila neno na kuangalia nje dirishani.

Shishiyu hadi Mwanhuzi

Pancha ya kwanza tulipata kabla hatujakolea mwendo. Ya pili tuliipata kwenye kijisenta ambacho jina lake silikumbuki, chenye maduka manne na mti mmoja. Shabani akachukua bodaboda na tairi mgongoni kutafuta fundi, nasi tukakaa kwenye benchi la duka.

Mimi nina tabia ya mwalimu, nikikaa natoa daftari. Nilikuwa naandika tu bei ya choroko. Ng'ombe walikuwa wametapakaa ng'ambo ya barabara, kundi zuri. Nilipoinua macho, hawakuwepo. Nikageuka upande wa pili kulikokuwa na kundi jingine, na lenyewe lilikuwa linayoyomea vichakani, mchungaji akilikimbiza kwa miluzi. Mwenye duka, mama mmoja mnene aliyekuwa akituchekea tangu tufike, sasa alikuwa amenuna.

"Mama," aliniuliza, "mmetumwa na wilaya au na mkoa?"

"Tunakwenda posa."

"Ndiyo, posa." Aliangalia daftari langu, akaangalia tai ya Nkwabi. "Hapa kwetu ng'ombe hakuna. Walikwisha na ukame."

Mzee Mhoja alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia yule mama maneno mawili matatu kwa Kisukuma, mama akatulia na kutuletea chai, ila daftari aliomba nilirudishe kwenye mkoba. Tulikaa hapo saa tatu. Ng'ombe hawakurudi mpaka tulipoondoka.

Mwanhuzi tulifika tumebabuka kwa vumbi. Huko nchi ni kavu na wazi, ng'ombe unawaona kabla ya nyumba. Nkwabi alishusha kioo akavuta hewa. "Harufu ya mali hiyo," akasema. Tulikula wali na maini yaliyokuwa na chumvi ya kutosha ukoo mzima, tukajipangusa viatu, tukaendelea.

Mwanhuzi hadi kwa Mzee Limbu

Baba yake Maduhu anaitwa Limbu. Alitupokea barabarani akiwa na ndugu zake, wamepiga pasi mpaka kofia. Maduhu mwenyewe alikuwa amewahi kutoka Lamadi, amesimama pembeni kwa adabu, na uso wake haukuwa wa mtu anayeoa. Nilidhani ni uchovu wa safari.

Mbuzi alikuwa jikoni tayari. Tulikaribishwa viti vya plastiki vipya, vingine vikiwa bado na karatasi ya bei. Nkwabi aliuliza hali ya mifugo, na Mzee Limbu akajibu kama inavyotakiwa. "Ah, tuna vijing'ombe viwili vitatu tu vya kutuletea maziwa."

Nkwabi karibu aanguke na kiti kwa furaha.

Saa kumi jioni ng'ombe walirudi kutoka malishoni. Jamani, sitawadanganya, nilisahau uchovu. Waliingia na kuingia, wekundu, weupe, wa madoadoa, vumbi likapanda juu ya paa la nyumba, na zizi likajaa mpaka ndama wakawa wanapita chini ya matumbo ya mama zao. Niliiona nyumba yangu ina bati. Niliiona ina dari. Nilikuwa nimeanza kufikiria vigae vya sakafuni Mzee Limbu alipomwambia Mzee Mhoja, kwa sauti ya ukarimu, "Mkubwa wetu, ingia. Nyoosha fimbo kwa yeyote unayempenda. Hapa ni kwenu."

Mzee Mhoja alivua koti la Nkwabi, akalitundika kwenye uzio, akaingia na shuka lake. Alitembea polepole katikati ya ng'ombe. Alikuwa akiwashika masikio. Mara akasimama, akamshika ng'ombe mwekundu sikio la kushoto, akalikunjua kwa vidole. Akanyoosha fimbo. "Huyu."

Akaenda kwa mwingine. "Huyu. Na huyu. Na mama yake yule."

Alipofika wa tisa, nilisogea kwenye uzio nikaona: wote walikuwa na mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Mzee Limbu alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni peke yake. Wakati huo huo mtu mmoja mfupi aliyekuwa akichungulia nyuma ya zizi aliruka uzio, akaja mbio, akapiga magoti mbele ya Mzee Mhoja kwenye samadi, akimwamkia kama babu yake.

"Guku Mhoja! Mwadila, guku! Kumbe wageni ni wewe? Hawakuniambia ni wewe!"

"Mwadila, Gamaya," mzee alimjibu kwa upole. "Naona wamezaa vizuri. Yule mwekundu ni mtoto wa nani?"

"Wa yule mwenye pembe iliyovunjika, guku. Nilikuwa nikutumie salamu baada ya kuvuna pamba."

Basi mambo yote yakawa wazi pale pale, bila mtu kuulizwa. Gamaya ni jirani wa Limbu. Ng'ombe waliojaa zizini walikuwa wake na wa watu anaowatunzia, na Limbu alikuwa amewaazima kwa siku moja ili sisi tuwaone. Na katika hao anaowatunza Gamaya, tisa walikuwa wa baba yetu mkubwa, yule wa sukari ya Krismasi, aliyewapeleka mabibi zao Meatu kabla sisi hatujajua kuandika. Baadaye nilijua ana wengine Itilima, na wengine karibu kabisa na kwake, ndiko maziwa yanakotoka. Limbu alikuwa anataka kumwolea mwanawe binti yetu kwa ng'ombe wetu.

Ng'ombe tu ndio walikuwa wanalia. Kisha Nkwabi akapanda hasira, tai ikamkaba, akasema matapeli, akasema polisi, akasema hatukuja kuchezewa. Maduhu akatoka pale pembeni alipokuwa amesimama.

"Baba, mimi niliwaambia Lamadi," alisema. "Nilisema mwoshaji. Nilisema watatu. Na baba yangu nilimwambia asiazime."

"Wangekurudisha mlangoni," Mzee Limbu alimjibu, akiangalia chini. "Nani anatoa binti kwa watatu?"

Mzee Mhoja akatoka zizini, akajifuta mikono kwenye shuka. "Wako wapi hao watatu?"

Walikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kijizizi cha miiba, walikofichwa wasituharibie picha. Dume mmoja mdogo, jike mmoja mwenye mimba, na mtamba wa madoadoa aliyenona. Mzee aliwazunguka, akawapapasa. "Hawa," alisema, "wana mwenyewe. Tutamwuliza mtoto wetu, tutaleta jibu." Kisha akaomba nyama, kwa maana mbuzi alikuwa ameiva, na sote tukakaa kwenye viti vipya tukala. Alikuwa mbuzi mtamu sana. Nkwabi alikula kwa hasira, vipande vingi.

Kurudi Bariadi

Kesho yake njia nzima Nkwabi hakuzungumza, ila kila tulipovuka daraja alisema, "Mihogo yangu!" Tulimshusha mzee Shishiyu. Nkwabi alimfungulia mlango wa gari kwa mikono miwili na kumwita baba mkubwa mara nne. Mzee akamrudishia koti lake.

Kabula alikuwa amesimama barazani. Nkwabi aliingia ndani akipiga kelele kwamba ndoa hakuna, kijana ana ng'ombe watatu, watatu! Kabula aliniangalia mimi.

"Kwani senge, mimi nilikuambia wangapi?"

Hapa kuna jambo nimelificha tangu mwanzo, kwa aibu. Siku posa ilipoletwa, Kabula alikuja jikoni kwangu akaniambia kwa mdomo wake kwamba Maduhu ana ng'ombe watatu na anaosha magari. Nilicheka. Nilimpigapiga begani nikasema, "Vizuri mwanangu, umekwisha kujifunza kuficha mali ya mumeo."

"Alikuwa na wawili," Kabula aliendelea, na machozi yakaanza kumtoka. "Wawili ingekuwa aibu. Yule wa madoadoa nimemnunua mimi."

"Umemnunua na nini?"

Macho yake yalikwenda kwenye kona yake ya kushonea. Nami nikaangalia huko. Kitambaa cha maua kilikuwa pale pale, kimefunika cherehani. Nikaenda nikakivuta. Chini yake kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda ndoo iliyogeuzwa. Miezi miwili nilikuwa nikipita mbele ya ndoo ile kila asubuhi na kumwambia Kabula asisahau kuipaka mafuta cherehani. Nilikaa chini. Nilimcheka Limbu kwa kuazima ng'ombe, na kumbe nyumbani kwangu binti alikuwa ameuza mkono wake wa kulia ili kwenye zizi la mtu aongezeke mmoja, na mimi nawaza bati.

Jioni ile nilimpigia simu Mzee Mhoja nikamweleza. Akasema, "Basi na waje hao watatu. Nkwabi mwambie nimesema mimi." Nkwabi alikubali haraka kuliko nilivyotarajia, siku hizi mzee akikohoa Shishiyu, Nkwabi anajibu shikamoo.

Ng'ombe wa shangazi nilimdai, msidhani nimekuwa mtakatifu. Nilimdai yule yule wa madoadoa. Nilimpeleka mnadani Alhamisi, na Ijumaa nilikwenda kwa fundi aliyeinunua cherehani nikairudisha nyumbani juu ya bajaji. Harusi ni baada ya mavuno. Mijusi yangu inaendelea kukaa bila kodi.

Wawili waliobaki wako kwenye zizi la Nkwabi. Ukipita njiani unaweza usiwaone, itabidi uwatafute. Watu wanakuja, wanaegemea uzio, wanapima ukubwa wa zizi kwa macho, wanawaangalia wale wawili, wanaguna kwa heshima.

"Hao wa kuonyesha tu," jirani mmoja alimwambia mwenzake nikiwa nasikia. "Wengine wote wameachwa Meatu."

"Ni watatu tu," nilimwambia. "Mmoja nimemwuza. Wamebaki wawili. Hakuna wengine."

Walitazamana, wakatikisa vichwa taratibu, kama mimi na Nkwabi pale Lamadi. Nanyi walimu wenzangu, nilipowaambia idadi hiyo hiyo juzi ofisini, mwalimu wa hisabati alinikonyeza.